Visahani vilikwenda wapi? Kusoma umbo, ishara na maana ya shairi

Katika nyumba za mawe za kale za Lamu na Pate, chumba cha ndani kabisa huwa na ukuta uliojaa vishubaka vya plasta, safu juu ya safu, vingine vidogo kiasi cha kutoshea kikombe kimoja tu. Wenyewe huviita zidaka. Humo mwenye nyumba alipanga sahani na bakuli za kaure zilizokuja na vyombo vya bahari kutoka mbali, nyingi zikiwa za China, ili aliyebahatika kufika ndani ajue yuko kwa nani kabla hajaambiwa. Ukishaviona vishubaka hivyo, hata kwa picha, soma ubeti huu wa Al-Inkishafi, utungo wa Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir wa Pate:

Madaka ya nyumba ya zisahani
Sasa walaliye wana wa nyuni
Bumu hukoroma kati nyumbani
Zisiji na koti waikaliye

Lugha ni ya pwani ya kaskazini, Kiamu, yaani lahaja ya Lamu, na jamaa zake. Kwa Kiswahili cha leo tungesema: yale madaka ya nyumba yaliyokuwa ya visahani, sasa watoto wa ndege wamelala humo, bundi hukoroma katikati ya nyumba, visiji na koti, nao ni ndege, wamefanya makao humo.

Mpwa wangu, aliye kidato cha nne, aliniletea ubeti huu ukiwa na maswali chini yake. Una mishororo mingapi? Eleza mpangilio wa vina. Bumu ni taashira ya nini? Andika ubeti kwa lugha nathari. Alikuwa ameshajibu yote. Mishororo minne. Vina a-a-a-b. Bumu ni taashira ya kifo. Ujumbe: dunia ni mapito. Kila jibu lilikuwa sahihi na angepata alama zake zote. Kisha akaniuliza, "Mjomba, kwani ndiyo basi?"

Si basi. Majibu yake manne yalikuwa kama viungo vinne vilivyowekwa mezani, kila kimoja kwenye sahani yake, na hakuna aliyepika. Tumefundishwa kuweka umbo upande mmoja na maana upande mwingine. Tanzania huita fani na maudhui, Kenya hutenga kifungu cha muundo na kifungu cha ujumbe, na mwanafunzi hufikiri ni vitu viwili vinavyokutana siku ya mtihani tu. Katika shairi zuri la Kiswahili maana imejificha ndani ya hesabu yenyewe. Ndiyo maana nikamwambia turudi kwenye kuhesabu, safari hii tukiuliza kila tunachokihesabu kinafanya kazi gani.

Tuanze na mizani. Mizani ni silabi, si herufi. Neno nyumba lina mizani miwili, nyu-mba, kwa kuwa mb hutamkwa kwa pamoja. Mtu pia ni miwili, m-tu, kwa sababu hiyo m inasimama peke yake. Hapa ndipo wanafunzi wengi hukosea, wakaishia na mstari wenye mizani tisa na kumlaumu mshairi. Sasa hesabu mshororo wa kwanza: ma-da-ka ya nyu-mba, sita, ya zi-sa-ha-ni, mitano. Wa pili: sa-sa wa-la-li-ye, sita, wa-na wa nyu-ni, mitano. Wa tatu na wa nne vivyo hivyo. Kumi na mmoja kila mshororo, na pumzi inakatika baada ya wa sita.

Mkato huo una kazi. Sita kwa mitano ni mizani isiyolingana pande mbili. Shairi la kawaida, lile la nane kwa nane, hutembea kama mtu mwenye miguu miwili sawa. Huu ni mwendo unaochechemea kidogo: upande wa kwanza unajaza pumzi, wa pili unaishiwa mapema. Usomwe kwa sauti na mtu anayejua mahadhi yake, utasikia kila mshororo unavyoshuka kabla ya pale sikio lilipotarajia. Kwa utungo unaolia majumba yaliyoanguka, sijui mwendo gani mwingine ungefaa zaidi.

Halafu vina. Mishororo mitatu ya kwanza inaishia na -ni. Wa nne unaishia na -ye, na -ye hiyo inarudi mwishoni mwa kila ubeti, na beti ni zaidi ya 70. Mwanafunzi huandika "kina cha bahari ni -ye", yaani kina kinachofunga kila ubeti, na kuendelea. Lakini -ye ni nini? Katika lahaja za kaskazini, kitenzi cha jambo lililokwisha na hali yake bado ipo huishia hivyo. Waikaliye ni wamekalia. Ubeti unaotangulia huu unafungwa na walitandiye: utando umeshatanda vitandani. Si kila -ye ya utungo mzima ni ya kitenzi cha aina hiyo, ila ni nyingi mno kuwa bahati. Maana yake kila baada ya mishororo mitatu sikio linapigwa na sauti ile ile inayosema limekwisha, limekwisha, limekwisha. Sarufi yenyewe imegeuzwa kengele.

Hapa pana jambo ambalo kwa maoni yangu halisemwi vya kutosha madarasani. Kina cha Kiswahili mara nyingi ni kiambishi. Lugha yetu hupachika maana mwanzoni na mwishoni mwa maneno: -ni ya mahali, -ana ya kutendana, -ia ya kutendea, -sha ya kusababisha. Mshairi anapochagua kina, huwa anachagua sauti na uhusiano kwa mkupuo mmoja. Utungo wenye kina cha -ana mwanzo hadi mwisho hauwezi kuacha kuzungumzia watu wawili, hata kama mada ni kilimo cha mihogo. Basi badala ya kuishia kwenye "vina ni -ni na -ye", uliza: hiki kijisilabi, nje ya shairi, kina kazi gani kwenye lugha?

Sasa vitenzi. Viko vitatu tu katika ubeti wetu: kulala, kukoroma, kukaa. Hebu vitazame vizuri. Ni mambo yanayofanywa na watu nyumbani kwao. Ndege hutaga, hutua, huruka, hulia. Mshairi angeweza kusema bundi analia, na ndivyo wengi wetu tungesema, lakini amempa mkoromo, kama mzee aliyeshiba akajilaza baada ya chakula cha mchana. Na ndege wadogo hawaitwi makinda, ingawa ubeti uliotangulia una "makinda ya popo", kwa hiyo neno alikuwa nalo mkononi. Hapa wameitwa wana. Wana wa nyuni wamelala kwenye madaka. Nyumba hii haikubaki tupu. Ina watoto, ina mzee anayekoroma, ina wakaazi wengine. Imepata familia nyingine.

Hilo ndilo linalouma, na ndilo ambalo jibu la "bumu ni taashira ya kifo" linalipita bila kuliona. Ni kweli bundi pwani na bara ni ndege wa nuksi. Akilia juu ya paa watu husema kuna msiba. Mshairi anajua tunalijua hilo. Analichukua lile la nuksi tunalolijua, kisha analilaza katikati ya sebule likikoroma, limetulia, limezoea. Msiba ulishapita zamani. Kilichobaki ni maisha yanayoendelea bila sisi. Kifo kinatisha, hili la kusahauliwa na kurithiwa na ndege linatisha kwa namna nyingine, ya chini chini.

Ndiyo kanuni yangu kuhusu ishara, kama nitaruhusiwa kuwa nayo moja. Kabla hujauliza kitu kinawakilisha nini, uliza kinafanya nini pale kilipo. Bundi kwanza awe bundi, akorome. Vidaka kwanza viwe vidaka. Ukiharakisha kubadilisha kitu kwa dhana, kama unavyobadilisha shilingi kwa dola, unapoteza kwenye ubadilishaji.

Na visahani? Havimo kwenye maswali ya mpwa wangu, ilhali mimi naona ubeti mzima umelalia hapo. Pwani hii kaure haikuwa chombo cha kulia wali tu. Iliwekwa ukutani kuonyesha utajiri, na iliwekwa makaburini pia. Pale Mambrui, kaskazini mwa Malindi, lipo kaburi la mnara lililopambwa kwa vyombo vya kaure vya China. Kunduchi, nje kidogo ya katikati ya Dar es Salaam, yapo makaburi ya minara yaliyopachikwa bakuli za namna hiyo. Vigae vyake vimefukuliwa na waakiolojia katika kisiwa cha Pate chenyewe, katika magofu ya Shanga. Kwa msikilizaji wa wakati ule, basi, neno zisahani lilibeba pande mbili tangu mwanzo: fahari ya mwenye nyumba na pambo la kaburi lake. Mshairi hakuhitaji kulieleza. Alilitaja tu, kisha akaliondoa. Ukisoma tena utaona visahani vimo kwenye mshororo wa kwanza kama jina la mahali, madaka ya visahani, na vyenyewe havipo.

Nikimwelezea haya mpwa wangu aliniambia, "Lakini mwalimu hataki yote hayo, anataka alama mbili." Kweli. Nikamwambia alama mbili azichukue, kisha abaki kidogo.

Sehemu ya tatizo ni istilahi. Tuna maneno mengi na vitabu havikubaliani. Kitabu kimoja kinaita sitiari kile ambacho kingine kinakiita istiara, na cha tatu kinatumia istiara kwa hadithi nzima yenye maana mbili. Jazanda, taswira, taashira, ishara, fumbo: nimeona mwanafunzi mmoja akiandika yote matano kwa mfano mmoja, kama mtu anayejaribu funguo. Mimi hutofautisha kwa urahisi hivi. Ukisema "maisha ni bahari" umefananisha moja kwa moja, hiyo ni sitiari. Ukiiweka bahari ndani ya shairi ikawa bahari kweli, yenye chumvi na mawimbi, lakini kila inapotajwa msomaji anahisi kitu kingine kikisogea chini yake, hiyo ni ishara. Ukisimulia kisa kizima cha samaki na wavuvi huku kila mtu sokoni akijua samaki ni nani na wavuvi ni akina nani, umefumba. Mipaka inavuja, na haina haja ya kuzibwa.

Ili aone kwa macho yake, nilimtungia ubeti mmoja hapo hapo, nyuma ya karatasi ya maswali. Mimi si mshairi, na mafundi watanicheka, lakini kwa kazi ya kufundishia unatosha:

Baba kaenda mjini, koti lake kaliacha,
Lingali msumarini, usiku hata kukicha,
Mwaka watimu nyumbani, mama hajataka ficha,
Nalo koti ukutani, mifuko yake yachacha.

Nane kwa nane, tarbia, yaani ubeti wa mishororo minne. Upande wa kushoto ni ukwapi, wa kulia ni utao. Nikamuuliza vina vya kati ni nini. Akajibu -ni. Na hiyo -ni ni nini? Akatulia, akasoma tena: mjini, msumarini, nyumbani, ukutani. "Ni mahali, mjomba. Zote ni mahali." Naam. Na vina vya mwisho? Kaliacha, kukicha, ficha, yachacha: vyote vitenzi. Kwa hiyo ukwapi wote unasema wapi na utao wote unasema nini kimetukia. Ukisoma ukwapi peke yake kutoka juu kwenda chini unapata ramani: mji, msumari, nyumba, ukuta. Baba yuko kwenye neno la kwanza tu, kisha shairi linabaki ndani na haliendi kumtafuta. (Nakiri kwamba kina cha -ni ndicho rahisi kuliko vyote, na mafundi wa kale wangekiita cha mvivu. Ila hata kitu rahisi kina kazi yake kikiwekwa panapostahili.)

Kisha idhini ya mshairi, ile ambayo mtihani huipenda sana: inkisari (kufupisha neno), mazda (kulirefusha), tabdila (kubadili sauti yake), kuboronga sarufi. Kaenda ni ufupisho wa ameenda, unaokoa mizani mmoja. Hajataka ficha ni hajataka kulificha, unaokoa miwili. Mwanafunzi huandika "ametumia inkisari ili kutosheleza mizani" na kupata alama yake. Sawa. Lakini sikiliza kaenda inavyolia. Ni sauti ya jirani anayepasha habari dirishani: kaenda, kaacha, karudi. Ameenda ingekuwa taarifa. Kaenda ni umbea wenye huruma. Kufupisha kumefanya kazi mbili, na ya pili ndiyo yenye maana. Si kila inkisari ina kazi ya pili, lakini huwezi kujua usipoisikiliza.

Nani anasema? Nafsineni, kwa lugha ya mtihani. Hakuna "mimi" popote, lakini kuna baba na kuna mama, bila -ake wala -angu. Anayeita hivyo ni mtoto wa nyumba hiyo. Na huyu mtoto hajui baba yuko wapi hasa wala kwa nini harudi, kwa hiyo anaeleza anachokiona: koti. Ukishajua ni mtoto, koti linaongezeka uzito, kwa kuwa yeye halitumii kama ishara ya chochote. Analiangalia tu kila siku.

"Basi koti ni ishara ya umaskini," akasema mpwa wangu, "kwa sababu mifuko imechacha." Nilifurahi alivyolishika neno hilo. Kuchacha ni kwa chakula kilicholala, na mtaani ni mtu asiye na senti. Mfuko unaochacha una hewa ya uchungu na hauna pesa, kwa pamoja. Lakini nikamwonyesha mshororo wa tatu: mama hajataka ficha. Kwa nini ufiche koti? Hufichwa kitu cha aibu, au kitu kinachouma kukiona. Na hajataka: angeweza, hakutaka. Kitenzi kimoja kinatuambia kwamba majirani wanaliona, wanasema, na mama amechagua liendelee kuonekana. Akafikiri, akasema, "Kwa hiyo ni kama bendera." Sikuwa nimefikiria hivyo nilipotunga. Yuko sawa, na hilo si la kushangaza: aliyetunga hana haki ya mwisho juu ya maana. Haki iko kwenye maneno. Msomaji akikuletea tafsiri, mwambie akuonyeshe neno linaloibeba; likikosekana, tafsiri hiyo ni yake, si ya shairi.

Fumbo la siasa lina taratibu zake. Abdilatif Abdalla alifungwa Kenya kuanzia 1969 hadi 1972 kwa sababu ya waraka wa kisiasa alioupa jina la Kenya: Twendapi? Tungo alizoandika kifungoni zilitoka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki, na mwaka uliofuata zikapata Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta, yenye jina la rais yule yule ambaye serikali yake ilimfunga, ajabu ambayo haihitaji maelezo. Mojawapo inaitwa "Mamba". Ni ya mishororo mitatu mitatu, mizani minne kisha minane, na mapema kabisa mshairi anatupa onyo: niufumbe, wafumbuwe wawezao. Kisha anakuja mamba mtoni aliyetakabari, anayejigamba kwamba ataishi dahari.

Msomaji wa Kenya ya miaka ile hakuhitaji kuambiwa mamba ni nani. Hapo ndipo hatari ya msomaji wa leo ilipo. Akishapata jina la mtu wa kuweka mahali pa mamba, anafunga kitabu, amefumbua. Lakini kwa nini mamba, na si simba au chui? Simba ukimwogopa unaweza kuhama msitu. Mamba anakaa mtoni, na mtoni ndiko watu wanakoteka maji, wanakofua, wanakovukia. Huwezi kumkwepa bila kufa kiu. Tena simba hunguruma. Mamba hufanana na gogo mpaka dakika ya mwisho. Mnyama mmoja amebeba nadharia nzima ya utawala, na mtu anayeandika "mamba = mtawala" amepoteza mto. Angalia na umbo: vipande vifupi vya mizani minne, kisha virefu vya minane. Kinachotangulia ni kama kichwa kinachochomoza juu ya maji. Sisemi mshairi alikusudia hivyo. Nasema ukiimba utasikia hivyo.

Neno kuimba limenikumbusha ugomvi wa zamani. Mwaka 1954 Kaluta Amri Abedi, ambaye baadaye alikuwa meya wa Dar es Salaam na waziri katika serikali ya Tanganyika, alichapisha Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri. Kwake utungo usioimbika haukuwa shairi. Miaka ishirini baadaye, 1974, Euphrase Kezilahabi alitoa Kichomi, mkusanyiko usiofuata vina wala mizani, na waliokuwa wakitunga kwa arudhi, yaani kwa kanuni za vina na mizani, wakaja juu. Magazeti na makongamano yalijaa hoja. Leo vumbi limetua, shule zinafundisha vyote viwili, na mabishano yaliyosalia ni ya majina: shairi huru, guni, mavue, mlegezo.

Kosa ninaloliona likirudiwa ni kudhani shairi huru halina umbo. Mwanafunzi akiulizwa umbo lake anaandika "halina vina wala mizani", basi, kama mtu anayemweleza mwenzake kwa kusema hana masharubu. Nikachukua lile lile koti:

Koti
la baba
msumarini.

Mama hupiga pasi kila kitu
isipokuwa lile.

Hakuna kina. Lakini umbo limo. Koti limesimama peke yake kwenye mstari, kama linavyoning'inia. La baba limetengwa nalo, kwa hiyo jicho linasita sekunde moja kati ya kitu na mwenyewe, na sekunde hiyo ndiyo huo mwaka mzima wa ubeti wa kwanza. Kisha nafasi tupu. Kisha mstari mrefu wenye shughuli za nyumbani, kisha isipokuwa lile. Lile, si hili: koti liko ukutani hatua mbili kutoka kwake, na lugha imelipeleka mbali. Katika tarbia kimya hukaa mahali panapojulikana, baada ya mizani wa nane, na mwimbaji huvuta pumzi hapo. Katika shairi huru mshairi ameubeba ukimya mwenyewe na kuuweka atakapo. Kuchambua umbo lake ni kutafuta ameuweka wapi.

Kipi bora? Kwangu mimi, ule wa kwanza una watu wengi zaidi ndani yake. Unamsikia jirani, unamsikia mtoto. Wa pili una mama tu na pasi yake. Kila umbo lilichagua nani asikike.

Limebaki suala la historia, ambalo wengine hulifanya kuwa kila kitu. Je, ni lazima nijue habari za Pate ndipo nielewe ule ubeti wa madaka? Pate ulikuwa mji wenye nguvu, ukashindwa na Lamu katika vita vya Shela mwanzoni mwa karne ya 19, ukafifia. Sayyid Abdallah alikuwa mtu wa huko, wa ukoo wa masharifu, na waliomo kwenye utungo wake ni watu wa mji wake mwenyewe. Kujua hivyo kunasaidia: kunakuzuia usidhani ni maneno ya jumla kuhusu dunia. Lakini utungo wenyewe haukubali kuwa habari za mji tu. Anayeambiwa si mfalme wa Pate wala adui wa Lamu. Mshairi anauambia moyo wake, "moyo wangu", anauuliza kwa nini hauzinduki. Magofu ni ushahidi anaouwekea moyo mbele ya macho. Kwa hiyo maana ina sakafu tatu: mji ulioanguka, dunia isiyodumu kama dini inavyofunza, na mtu mmoja anayegombana na nafsi yake usiku. Ukisoma moja tu umeishia ngazini. Na tukumbuke kwamba utungo huu uliandikwa kwa herufi za Kiarabu na kunakiliwa kwa mkono kabla ya kuchapishwa kwa herufi za Kirumi, kwa hiyo matoleo yanatofautiana katika maneno na katika idadi ya beti. Anayeshikilia neno moja kwa ukali mno afungue toleo la pili kwanza.

Mpwa wangu alikunja karatasi yake. Alikuwa ameongeza mstari mmoja chini ya jibu la bumu, kwa penseli: "wanakoroma kama wenye nyumba." Halafu akaniuliza swali ambalo halikuwa kwenye karatasi: "Sasa visahani vilikwenda wapi?"

Tukausoma ubeti tena, wa kabla yake na wa baada yake. Haisemwi kama viliibwa, vilivunjika au viliuzwa. Nikamwambia kwamba kwenye makaburi mengi ya minara ya pwani zile bakuli za kaure zimebanduliwa, na pale zilipokuwa umebaki mduara mtupu kwenye chokaa, kila mmoja na ukubwa wake, hata unaweza kukisia ilikuwa bakuli ya namna gani. Akachukua penseli, akachora miduara mitatu pembezoni mwa ubeti, mkubwa, mdogo, mdogo zaidi, akaiacha hivyo bila kuandika kitu ndani.